Posa ya Jiwe

Parma, Italia
9 Oktoba 2023

Kwako Abti Duale,

Assalamu alaykum warahmatullah. Mimi ni mzima, nimeshiba, ila miguu imeanza kuganda maana baridi ya huku haina adabu. Natumaini hapo Sangailu mko salama wote, wewe na binti yako Kowsar na mifugo. Dada Sadiyo ameniambia mnara wenu wa simu umeangushwa tena na hakuna aliyekuja kuusimamisha, kwa hiyo nimerudi kwenye kalamu. Barua itafika kwake mtaa wa Waberi, Garissa, naye ataipa gari la miraa linaloelekea Ijara. Mvua je? Ngamia zinapata maji?

Abti, nimepata kazi, na safari hii si ya kuosha masufuria ya watu. Nimeingia kwenye kikosi cha mafundi wanaosafisha mawe ya jengo moja la kale. Lina pande nane, na marumaru yake ni ya rangi ya waridi iliyofifia. Aliyelianza aliitwa Benedetto Antelami. Bwana huyu alikuwa mjenzi na mchongaji kwa pamoja: ukuta ni wake, na sanamu zilizo ukutani ni zake. Zaidi ya hapo hakuna anayemjua. Hajulikani alizaliwa lini, alioa nani, wala kaburi lake liko wapi. Wanasema huenda alitoka bonde moja la milimani ambako watu wote walikuwa waashi, wakihama kutoka kazi hadi kazi. Jina lake limeonekana kwenye mawe mawili tu. Hapa, juu ya mlango, mwaka umeandikwa kwa fumbo: chukua elfu moja na mia mbili, utoe mbili mara mbili. Nikakukumbuka wewe na mafumbo yako ya hesabu ya Ijumaa. 1196, Abti!

Sasa neno lenyewe. Nilipoondoka ulisema, nikipata kazi ya kueleweka, nirudi tuzungumze habari ya Kowsar. Kazi ndiyo hii. Niko kwenye majaribio, na mkataba wa kudumu utatoka Juni Mungu akipenda. Nakuomba kwa heshima zote, usimfungulie mtu mwingine mlango kabla ya hapo. Sina la kuficha: naogopa.

Mpwa wako,
Mustafe


Sangailu
14 Novemba 2023

Kwa Mustafe, mtoto wa marehemu dada yangu,

Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imechelewa. Mvua ya deyr, hii ya vuli, imeshuka kwa hasira, mto umepanda, na gari la miraa lilikwama matopeni mpaka miraa ikanyauka, msiba uliowaumiza watu hapa kuliko kukosa barua yako. Sisi tu wazima, alhamdulillahi. Ngamia wanapata maji. Wanapata, Mustafe, siyo "zinapata". Ngamia ana roho. Chaki yote ile niliyoimaliza ubaoni kwa ajili yako ilikwenda wapi?

Ujue jambo moja kwanza. Macho yangu yameingia ukungu. Kivuli cha mtu nakiona, uso wake sioni. Kowsar ndiye aliyenisomea barua yako, na ndiye anayeandika hii ninapotamka. Alipofika pale ulipomtaja alisoma kwa sauti ileile anayosomea bei ya mbuzi. (Si kweli. K.) Nimesikia kalamu ikiandika nisichokisema. Endelea, binti.

Na tubaki na Kiswahili hikihiki. Barua zinafunguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, na askari akikuta asichoweza kusoma humshusha dereva juani na kuanza maswali.

Haya. Umeandika neno sanamu kama mtu anayeandika neno sufuria. Hilo jengo ni la nini? Marumaru ya waridi nimeyasikia, pande nane nimezisikia, hujasema watu walikuwa wakiingia humo kufanya nini. Mimi si mjinga, najua Italia hawajengi madrasa. Mimi naswalisha watu hapa, na kaka yangu Abdille anasimama safu ya kwanza nyuma yangu akisubiri nikosee. Amekwisha kusikia mjini kwamba mpwa wangu anakula kwa kuchonga masanamu. Amelisema mbele ya watu, tena akitabasamu.

Neno nililokupa kuhusu Kowsar nililisema, sijalimeza. Lakini nililisema kwa kijana anayekwenda kujifunza kujenga nyumba. Nijibu kama mwanangu: unachonga, au unasafisha? Kusafisha ni kusafisha, hata choo cha kafiri ni halali kukisafisha kwa ujira. Kuchonga chenye roho ni habari nyingine, na utaambiwa Siku ya Kiyama ukitie hiyo roho. Sitaki maneno mengi. Chagua moja kati ya hayo mawili uniandikie.

Abti wako,
Duale


Parma
20 Desemba 2023

Kwako Abti Duale,

Salamu za amani zikufikie wewe na mkono unaokuandikia. Pole kwa macho. Mbona hukusema mapema? Kuna daktari wa macho Garissa, Sadiyo anaweza kukupokea, tafadhali usifanye ukaidi. Huku siku zimekuwa fupi, tunawasha taa mchana.

Swali lako nalijibu bila kuzunguka. Jengo ni nyumba ya ubatizo ya Wakristo. Nami nasafisha. Kazi yangu ni pamba, maji na brashi laini, kutoa masizi ya karne na karne. Tindo hatupewi. Pua iliyovunjika inabaki imevunjika, mkono uliopotea haurudishwi, na sanamu isiyo na kichwa inaachwa hivyohivyo. Nikithubutu kuongeza hata ukucha nafukuzwa siku hiyo. Sichongi, Abti, wallahi.

Nikueleze ninachokisafisha, labda utapoa. Ndani kuna miezi ya mwaka, kila mwezi na kazi yake. Wa Juni anavuna ngano kwa mundu, mgongo umempinda kweli, unaona anavyoumwa. Mwingine anaswaga farasi juu ya masuke ili punje zitoke. Benedetto alichonga watu wa kazi kwa heshima, na alikufa kabla jengo halijaisha, wengine wakalimalizia.

Na juu ya mlango wa kusini, sikiliza hili. Kuna kijana amepanda mti. Chini yake joka linatema moto. Wanyama wawili wadogo wanautafuna mzizi, mti utaanguka wakati wowote. Na yeye? Yeye anakula asali! Abti, niliweka brashi chini pale jukwaani. Hicho ni kisa chako! Ndicho ulichotusimulia darasani, mtu aliyening'inia kisimani, simba juu, nyoka chini, panya mweupe na panya mweusi wakiitafuna kamba, usiku na mchana, na mjinga yule akilamba asali iliyokuwa ukutani. Mafundi wenzangu walikuwa wakinieleza maana yake, nikawaambia niacheni, hiki mimi nilikilia nikiwa na miaka minane.

Sakariye, yule wa duka la vitambaa Garissa, yuko Milano na atarudi nyumbani kabla Idd haijafika. Nimempa kifurushi, zawadi ndogo kwa ajili ya nyumba yako. Nisalimie wote.

Mustafe


Sangailu
25 Januari 2024

Mustafe,

Amani ya Mungu iwe nawe. Sisi wazima. Nyasi ni nyingi mwaka huu, ngamia wamenenepa mpaka wamekuwa na kiburi. Daktari wa macho nitamwona barabara ikikauka, usinisumbue.

Hicho kisa cha mti nimemwambia Kowsar akisome mara mbili. Sikulala vizuri. Nani alimpelekea Mtaliano huyo maneno yetu, na alipita njia gani kufika huko? Mtu aliyeweza kukielewa kisa kile na kukiweka mahali ambapo kila anayeingia lazima akione hakuwa mtu wa upuuzi. Nalikubali hilo. Nimelikubali mbele ya binti yangu, basi ni shahidi.

Lakini wewe nilikufundisha mwenyewe na nakujua unapohepa. Ulikuwa ukinionyesha daftari upande wenye alama ya vyema tu. Umenieleza miezi, umenieleza mti. Barua yako ya kwanza ilisema jina la mtu huyu limeonekana kwenye mawe mawili. Moja ni la mlangoni. La pili liko wapi, na limechongwa nini? Kanisa halijengwi kwa ajili ya wavuna ngano. Njia ya mwongo fupi, mwanangu, na sisemi wewe ni mwongo, nasema njia ni fupi.

Mambo ya nyumbani yapo. Yanaendelea. Hakuna la kukusumbua.

Abti wako,
Duale

(Naandika hapa chini, baba amekwenda kutawadha. Mambo ya nyumbani ni Abdiwahab, mfanyabiashara wa mifugo wa Liboi. Amekuja na wazee wake na ngamia wa posa, na Abdille ndiye aliyemleta. Ngamia wamefungwa nyuma ya nyumba, baba hajawapokea na hajawarudisha. K.)


Parma
19 Februari 2024

Abti Duale,

Assalamu alaykum. Natumaini mko wazima.

Nimesikia kuna ngamia wa watu wa Liboi wanaokunywa maji yako. Nimesikia kutoka wapi, usiulize. "Hakuna la kukusumbua", ndivyo ulivyoniandikia! Abti, wewe uliyeniambia njia ya mwongo ni fupi?

Ulinipa neno. Sikukulazimisha. Ulinishika bega kwenye kituo cha basi cha Garissa, Sadiyo akiwa pale, ukasema nenda, nyumba yangu itakungoja. Nimelala chumba kimoja na wanaume saba nikishikilia neno hilo. Sasa anakuja mtu mwenye mali, neno linawekwa kando? Naumia, nasema wazi. Nina hasira nawe na sijui niiweke wapi, maana wewe ndiye baba niliyebaki naye.

Jiwe la pili liko ndani ya kanisa kuu. Ni la mwaka 1178. Hayo tu.

Warudishe wale ngamia.

Mustafe


Sangailu
20 Aprili 2024

Mustafe,

Salaam. Ramadhani imepita na Idd imepita, Mungu atupokelee. Kalamu yangu imepatikana kuwa na mdomo, na nimeshaigombeza, haikujuta. Mambo ni mazito, kwa hiyo salamu zinatosha.

Sakariye alifika siku ya pili ya Idd. Nyumba imejaa wageni, Abdille yupo, na Abdiwahab mwenyewe yupo, amekuja kunisalimia kama mtu mwenye adabu. Sakariye, ambaye Mungu alimpa miguu akamnyima akili, akatangaza mlangoni: zawadi ya Mustafe kwa nyumba ya mkwewe! Wakaifungua mbele ya watu wote.

Mimi sikuona kitu. Nilisikia tu watu wakiacha kutafuna. Kisha Abdille akasema polepole, "Kaka, ni ngamia. Wa jiwe. Na shingoni ana chapa ya ukoo wa baba yake Mustafe."

Warya, wewe kijana! Una akili? Ngamia mwenye chapa ya ukoo wa mwanamume akiingia nyumba yenye binti, hiyo ni gabbati, hiyo ni posa, hata mtoto anayechunga mbuzi anajua. Abdiwahab alileta ngamia wanaokojoa. Wewe umeleta wa jiwe. Abdille alisema umetutupia jiwe usoni, kana kwamba binti yetu ni wa kuposwa kwa kifusi. Na juu ya tusi hilo, sanamu, ndani ya nyumba ya mtu anayeswalisha! Uliniandikia "sichongi, wallahi". Basi huyu alijichonga? Kiapo na ngamia vimetoka mkono mmoja.

Ijumaa iliyofuata nilipogeuka kutoa salaam nikasikia upande wa kulia ni mtupu. Watu wa Abdille walikuwa wamesali nje, peke yao. Nimeswalisha hapa tangu nilipostaafu ualimu, jambo hilo halijawahi kunipata.

Jana wamekuja. Abdille amesema bila kuzungusha: ama ngamia huyo ama mihrabu. Na Kowsar apewe Abdiwahab, aibu ifunikwe.

Nikaagiza tindo na nyundo kwa fundi anayejenga madrasa. Nikamwomba Kowsar aniwekee yule ngamia mapajani. Sikuwa nimemgusa hata siku moja. Nikampapasa mguu, nikampapasa nundu, imelalia upande mmoja. Nikafika sikioni, la kushoto lina pengo. Mustafe, nilimjua. Ni Dhiin, ngamia jike mwekundu aliyekulea kwa maziwa yake mama yako alipokufa, yule ambaye fisi alimng'ata sikio. Umemtoa sawasawa, mpaka mdomo wake wa dharau. Nilitaka kulia mbele ya Abdille. Iliniuma, nakwambia, iliniuma sana.

Mahali pa kupiga sikupaona. Kowsar akashika vidole vyangu, akaviweka kwenye shingo, chini ya chapa. Akasema, "Hapa, baba." Nikapiga. Mara ya tatu kichwa kikakatika.

Kisha nikawaambia: tumesoma wote, picha iliyokatwa kichwa hubaki kama mti, hakuna anayemwogopa mti nyumbani. Na chapa imeondoka na shingo, kwa hiyo posa ya jiwe haipo tena. Mwenye hoja aitoe. Abdille anajua hukumu hiyo sawa na mimi.

Akauliza, "Na Abdiwahab?" Nikasema mwenye jibu ni binti, nikamwuliza palepale. Sisi tumezoea binti akiulizwa ananyamaza, nasi tunasema amekubali. Huyu hakunyamaza. Alisema, "Simtaki. Ni mtu mwema, Mungu ampe mwingine." Abdille akacheka, akamwuliza kama basi anamtaka mchonga masanamu. Akamjibu, nami nayatamka yote na yeye anayaandika kwa mkono wake: "Mustafe hajaniuliza. Nimesoma kila barua yake kwa mdomo wangu, na kila jibu nimeliandika mimi. Wanaume wawili wamenigombania hapa karatasini tangu Oktoba, mmoja anadai neno, mwingine anashika neno. Hakuna barua hata moja yenye jina langu."

Wazee walishusha macho. Mimi sikuwa na cha kushusha, lakini niliona haya.

Ngamia wa Liboi wamerudishwa leo asubuhi. Abdiwahab hakukasirika, alisema tu kwamba ameelewa. Abdille bado anasali nje.

Kiapo chako kina kafara, funga siku tatu. Neno nililokupa kituoni nalirudisha, kwa sababu nilitoa kisichokuwa changu peke yangu. Mimi ni walii wake wa ndoa, nitasimama pale atakaposimama yeye. Ukitaka kuandika tena habari hii, usiniandikie mimi.

Duale


Parma
27 Mei 2024

Kowsar,

Assalamu alaykum. Nimeanza barua hii mara nyingi kwa "Kwako Abti", mkono umezoea. Nisamehe. Uko mzima? Mafuriko ya mwezi huu yaliwafikia? Ile shule ya watoto wadogo unayofundisha imefunguliwa? Nimegundua sijawahi kukuuliza habari ya kazi yako, na nimeona aibu nikiwa peke yangu.

Nimefunga siku tatu. Nilimchonga yule ngamia jioni, kwa jiwe lililotupwa, nikajiambia huku si kuchonga, ni hamu ya nyumbani tu. Na nilipoandika "sichongi" nilijua kifurushi kiko mkononi mwa Sakariye. Nilitaka baba yako anione msafi. Posa sikuiwaza kabisa. Chapa nilimwekea kwa kuwa Dhiin alikuwa nayo, na bila hiyo shingo ilionekana si yake. Nimekaa mbali mpaka nimesahau kitu anachokijua hata mtoto mchunga mbuzi.

Kuna la pili. Jiwe la 1178 ni bamba la marumaru linaloonyesha Wakristo wakimshusha Nabii Isa msalabani. Sisi tunaamini hakusulubiwa. Nimekuwa nikilisafisha tangu Januari. Sikumwambia baba yako, nilimpa mwaka tu nikanyamaza. Mkataba wa Juni unategemea bamba hilo. Nikiliacha, narudi kuosha masufuria, au narudi nyumbani. Nakwambia yote kabla ya kukuuliza, usije ukaambiwa na Sakariye.

Sina ngamia, wa damu wala wa jiwe. Nina kazi inayowaudhi watu wenu wa safu ya kwanza, na ulimi uliodanganya. Nakupenda tangu ulipokuwa ukinisahihisha imla kwa kalamu nyekundu uliyoiiba mezani kwa baba yako. Nakuuliza wewe, Kowsar: unanitaka, au hunitaki? Ukisema hapana, sitamlalamikia mtu.

Mustafe


Sangailu
30 Juni 2024

Mustafe,

Waalaykumu salaam. Mafuriko yalikuja, yalichukua choo cha shule na kuku wa jirani. Watoto wamerudi darasani. Ninao arobaini na chumba kimoja, na ahsante kwa kuuliza, ingawa umechelewa.

Habari ya bamba nilimwambia baba bila kutaja jina, kana kwamba ni swali la mtu mwingine. Alisema alichosema katika barua yake ya kwanza, kusafisha ni kusafisha, dhambi ya kuamini ni ya aliyeamini. Angekuambia hivyohivyo Januari kama ungemwuliza! Ulimficha mtu jambo ambalo hakuwa na shida nalo, na kwa kuficha huko nusura apoteze msikiti. Hilo ndilo lililonikasirisha, si jiwe. Mimi niliuongoza mkono wa baba mpaka shingoni. Ukinificha tena jambo, dogo au kubwa, basi.

Sahihisho: kalamu nyekundu sikuiiba, niliiazima.

Nakutaka. Nimeandika neno hilo mara moja na sitalirudia mpaka uje kwa miguu yako, uniulize hapa, nikiangalia uso wako. Malizia kazi yako kwanza. Ndoa ya kuwakilishwa na Sakariye siitaki.

Baba yuko mlangoni, amesikia kalamu. Ameniuliza naandika nini, na kama kuna mahali nataka anisaidie neno. Nimemwambia hapana, baba, hii ni yangu.

Kowsar